Malaria ya Siku ya Chanjo

Jumatano moja ya mwezi wa nne, mwaka jana, wasichana arobaini na wawili wa darasa moja waliugua malaria kwa pamoja.

Darasa la tano, shule moja ya msingi hapa Kamwokya, Kampala. Waliotarajiwa walikuwa arobaini na sita. Wakaja wanne.

Wavulana walikuja wote. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na homa.

Mbu wa Kamwokya nawajua. Hawachagui.

Naitwa Moreen Ajwang. Ni Mkenya, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja Kampala. Nilisomea takwimu, na kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba nikiwauliza watu maswali na kurekodi majibu. Nitaandika nilichoona, nilichosikia na namba nilizonazo. Ya moyoni nitayapunguza.

Siku ile ilikuwa siku ya chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Inatolewa kwa wasichana wa miaka kumi hivi. Sista wa kituo cha afya alifika saa tatu na kisanduku chake cha barafu, akakaa kwenye benchi nje ya darasa.

Mwalimu Oola alikuwa anasoma meseji za wazazi kwenye simu.

"Huyu malaria. Huyu malaria. Huyu malaria na kuhara."

"Mwalimu, hii ni malaria ya wasichana peke yao?" Sista akauliza.

"Sista, mimi nafundisha hesabu. Udaktari ni wako."

"Basi nipe jibu la hesabu."

"Jibu ni kwamba wamekataa. Malaria ni heshima tu, wasikuambie usoni."

Niliwahoji wale wanne. Mmoja, mama yake ni mfagiaji hospitalini. Wawili walikuwa wamehamia mtaani wiki iliyotangulia na hawajui mtu. Wa nne alikuwa ametoroka nyumbani kwa sababu siku hiyo shuleni kulikuwa na uji wa maziwa.

Mimi sikuwa na kazi pale. Utafiti wangu ulikuwa umekwisha wiki tatu kabla. Nilienda kwa sababu ya jina moja kwenye orodha ya wasichana wa kuchanjwa.

Nabila.

Hakuwepo.

* * *

Nabila ni binti wa jirani yangu Rukiah. Tunakaa muzigo, vyumba vimepangana kwenye mstari mmoja, ukuta wetu ni mmoja. Nikikohoa, Rukiah ananiambia pole.

Rukiah ni Mnubi. Babu wa babu yake alikuja Uganda akiwa askari kutoka Sudan, na ukimwambia yeye ni mgeni atakutukana kwa lugha nne. Asubuhi anauza gurusa, mikate yao ile myembamba, sokoni Kalerwe. Mume wake, Zubairi, anaendesha lori la kwenda Koboko. Nyumbani anaonekana siku nne kwa mwezi.

Rukiah alikuwa na mdogo wake, Mastula.

Mastula alikufa na miaka thelathini na mmoja. Saratani hiyo hiyo. Alifia chumba cha pili kutoka changu. Miezi miwili ya mwisho, watoto wa muzigo walikatazwa kucheza upande ule kwa sababu ya harufu.

Mimi na Rukiah ndio tuliokuwa tunambeba kumwingiza kwenye gari la hospitali. Mimi miguu, yeye mabega. Mara ya mwisho hakuwa mzito kuliko jerikani mbili za maji.

Baada ya mazishi, Rukiah aliniuliza kama hiyo kitu iko kwenye damu yao.

Nilimweleza. Hairithiwi kama rangi ya macho. Kwa sehemu kubwa inaletwa na virusi, na ipo chanjo, na chanjo inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema, msichana akiwa bado mdogo.

"Nabila akifika hiyo miaka, nikumbushe," akasema. "Mama Apondi, nikumbushe. Hata kama nimelala niamshe."

Apondi ni binti yangu. Hivyo ndivyo wanavyoniita.

Nabila akafika miaka kumi. Nikamkumbusha mama yake mwezi wa kwanza. Akasema, "Niko tayari zamani."

Mwezi wa nne, malaria.

* * *

Nilirudi nyumbani saa sita. Nabila alikuwa uwanjani anaruka kamba.

"Malaria imepona?" nikamuuliza.

"Malaria gani, auntie?"

Rukiah akatoka na beseni. "Nabila, ingia ndani."

"Lakini mama, mimi ndiyo zamu yangu!"

"Ingia!"

Mtoto akaingia. Rukiah akaanza kusugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mama Nabila, kulikoni?"

"Baba Nabila amekataa."

"Kwa nini?"

"Hiyo dawa iko na maneno. Inafunga kizazi. Watu wote wanajua."

"Watu gani?"

Akaacha kusugua.

"Wewe ndiyo unaniuliza mimi?"

Nilidhani amekasirika. Nikamwacha.

Hilo lilikuwa kosa. Lile swali lake lilikuwa na jibu ndani, nami ninayelipwa kusikiliza watu sikulisikia.

* * *

Nilichukua daftari. Uvumi una mtu wa kwanza, kama ugonjwa wa mlipuko. Nikasema nitaufuata kinyumenyume mpaka nimpate, nimkabili na ukweli, halafu nirudi kwa Rukiah na jina.

Nilianza na Wanyama, Mkenya mwenzangu. Analala Kamwokya, anachomelea madirisha ya vyuma Katwe. Binti yake alikuwa mmoja wa wale arobaini na wawili. Nilimkuta kazini, miwani ya kuchomelea juu ya kipaji cha uso.

"Dada Ajwang! Umekuja kununua dirisha ama kunihoji tena?"

"Mtoto anaendeleaje na malaria?"

Akacheka. "Wee! Usinichekeshe nikajikata."

"Nani alikwambia chanjo inafunga kizazi?"

"Sasa mimi nina binti mmoja. Mmoja tu. Nataka wajukuu. Hiyo ni dhambi?"

"Sijasema ni dhambi. Nimeuliza nani."

"Faruk. Yule wa rolex pale stendi ya boda."

Faruk nilimkuta anavunja mayai. Anakaanga mayai na kuyafunga ndani ya chapati, mtaa mzima unakula kwake, na mtaa mzima unaongea kwake.

"Nnyabo, mimi siyo mimi niliyesema. Mimi nilisema alichosema Hajati Zuleika."

"Na wewe ukawaambia wangapi?"

"Mimi nauza rolex mia kwa siku. Hesabu mwenyewe, wewe ndiye msomi."

Hajati Zuleika ni kiongozi wa akina mama wa Kinubi wanaopika kwenye harusi na matanga. Ana miaka sabini na kitu. Akisema harusi isifanyike Jumamosi, inafanyika Jumapili. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai ya tangawizi.

"Binti yangu, mimi sikuokota barabarani. Nilisikia kwa mtu ambaye rafiki yake yuko ndani ya hiyo kazi."

"Kazi ya chanjo?"

"Ndani kabisa."

"Na huyo aliyekwambia ni nani?"

"Mama Nabila. Jirani yako."

Niliandika jina. Bado nilikuwa sijaelewa.

"Na rafiki yake huyo ni nani?"

Hajati akaweka kikombe chini. Akatabasamu kama mtu anayedhani anafanyiwa mzaha.

"Hilo kamuulize mwenyewe," akasema. "Mimi sitaki kukuvunjia heshima nyumbani kwangu."

* * *

Rukiah alikuwa anakunja nguo. Nilikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Rafiki yako aliye ndani ya kazi ya chanjo ni nani?"

"Bannange, Mama Apondi. Unajifanya hujui?"

"Nataka jina."

"Wewe."

Nikafunga daftari.

"Mwezi wa pili," akasema. "Siku ya kwanza ya kazi yako. Ulikuja hapa na tablet yako, ukaketi hapo hapo ulipoketi. Ukaniuliza maswali. Sivyo?"

Ndivyo. Rukiah alikuwa mzazi wa kwanza kabisa. Ofisi ilikuwa inataka kujua ni mambo gani yanawafanya wazazi wakubali au wakatae chanjo ya watoto wao waliobalehe au wanaokaribia. Mimi nilipewa nyumba zinazoongea Kiswahili: Wanubi, Wakenya, Wakongo. Dodoso nililitafsiri mwenyewe. Maswali ishirini na mawili.

"Swali moja ulisema, je, umewahi kusikia kwamba chanjo hii inaweza kumfanya msichana asizae? Unakumbuka?"

Nakumbuka. Swali la kumi na nne.

"Nikasema sijasikia. Lakini nilishtuka. Nikakuuliza, Mama Apondi, ni kweli? Ulinijibu nini?"

Katika kazi yetu kuna sheria ambayo unafundishwa siku ya kwanza na unaulizwa siku ya mwisho. Soma swali kama lilivyoandikwa. Usieleze. Usishawishi. Mhojiwa akikuuliza maoni yako, mwambie huruhusiwi kujibu, kisha endelea. Ukimsahihisha, majibu yake yanayofuata yanakuwa yako, si yake.

Ni sheria nzuri. Ina sababu. Kwa miaka tisa sikuwahi kuivunja.

"Nilisema siruhusiwi kujibu," nikamwambia.

"Ulisema huruhusiwi kujibu." Akakunja gauni la Nabila mara mbili, akaliweka. "Mimi nikafikiri. Huyu ni rafiki yangu. Mastula tulimbeba pamoja. Kama ni uongo, angesema ni uongo, inamgharimu nini? Kwa hivyo ni kweli, na wakubwa wake wamemkataza kusema. Ndiyo maana amepitisha kwa swali. Ameniuliza ili nijue."

"Rukiah..."

"Nikashukuru. Wallahi, nilikushukuru moyoni. Nikasema, huyu amehatarisha kazi kwa ajili ya mtoto wangu. Na mimi nisiwe mchoyo, nikawaambia wengine wenye mabinti."

* * *

Niliingia chumbani kwangu, nikafungua kompyuta.

Nilikuwa na majibu ya wazazi wote mia mbili na kumi na wawili. Tulikuwa tumeyatazama kwa umri, kwa dini, kwa elimu, kwa idadi ya watoto. Hakuna aliyeyapanga kwa tarehe.

Niliyapanga kwa tarehe.

Wiki ya kwanza, wazazi arobaini. Waliosema wamesikia habari ya kutozaa: watatu.

Wiki ya pili, arobaini na wanne. Waliosikia: kumi na watano.

Wiki ya tatu, arobaini na watatu. Waliosikia: ishirini na saba.

Wiki ya nne, arobaini na wanne. Waliosikia: thelathini na sita.

Wiki ya tano, arobaini na mmoja. Waliosikia: thelathini na tisa.

Nilikagua mara tatu kama nimekosea kupanga. Sikuwa nimekosea.

Uvumi ulikuwepo kabla yangu. Watatu wale ni ushahidi. Lakini ulikuwa umelala. Mimi niliupitisha mlango kwa mlango, kwa Kiswahili sanifu, nikiwa na kitambulisho shingoni, na kila aliyeniuliza kama ni kweli nilimpa jibu lile lile.

Nilikuwa nimejivunia kwamba sikuruka nyumba hata moja.

* * *

Kesho yake nilienda kwa msimamizi wangu, bwana Kidega. Ni mtu makini, si mjinga. Nilimwekea zile wiki tano mezani.

Aliangalia kwa dakika mbili.

"Inawezekana ni bahati," akasema. "Ulianza na mtaa gani, ukamaliza na mtaa gani?"

"Nilichanganya mitaa. Orodha ilichaguliwa kwa bahati nasibu, na wewe ndiye uliyeichagua."

"Inawezekana kuna redio ilisema kitu."

"Nimefuatilia mtu kwa mtu. Wanyama, Faruk, Hajati, Rukiah, mimi."

"Moreen, hao ni watu wanne."

"Watano."

Akavua miwani. "Unataka nifanye nini? Ripoti imeshatumwa. Wilaya wanayo."

"Tuwaandikie. Tuseme ile asilimia hamsini na saba ya waliosikia ni sisi."

"Tukisema swali moja ni bovu, watauliza kuhusu yote ishirini na mawili. Mwaka mzima wa kazi." Akanirudishia karatasi. "Weka hii vizuri. Ni jambo zuri la kuandikia makala."

Niliandika barua mwenyewe, kwa jina langu. Nikaipeleka wilayani kwa mkono. Mtu wa mapokezi akanipigia muhuri kwenye nakala yangu.

Muhuri ninao mpaka leo. Jibu sina.

* * *

Mchana huo huo nilimwambia Rukiah. Wazi kabisa, uso kwa uso.

"Ni uongo. Chanjo haifungi kizazi. Sasa naruhusiwa kusema."

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna. Utafiti umekwisha."

"Kwa hivyo ukiwa ndani ya kazi ulinyamaza. Sasa watu wamekataa, ndiyo unakuja kusema ni nzuri." Aliongea polepole, kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenzake ana doa kwenye gauni. "Mama Apondi, wamekutisha?"

"Hakuna aliyenitisha."

"Kale, sawa. Kama wamekutisha siwezi kukulaumu. Una mtoto wa kulisha."

Nikaenda kuchukua kadi ya Apondi. Ana miaka kumi na mitatu. Alichanjwa Busia, upande wa Kenya, alipokuwa anakaa na bibi yake. Tarehe ipo, muhuri upo.

Rukiah akaisoma yote, nyuma na mbele.

"Hii ni ya Kenya."

"Dawa ni ile ile."

"Umeona chupa zote mbili?"

Sikuwa nimeziona. Kwa haki, ilibidi niseme sikuziona.

Nabila akachungulia mlangoni. "Apondi, uliumia?"

"Kama kuchomwa na sindano ya nguo," Apondi akasema. "Unalia kidogo halafu unapewa biskuti."

"Biskuti gani?"

"Nabila!" Rukiah akaita.

Akampigia Zubairi, akaweka spika. Kwa nyuma tulisikia injini na mtu anapigia kelele mbuzi.

"Mama Apondi, salama? Sikiliza. Mimi ni dereva. Lori likitoa sauti nisiyoijua, nasimama. Sibishani nalo. Labda ni kijiwe tu. Lakini nasimama."

"Baba Nabila, hiyo sauti niliitoa mimi. Kwa makosa."

"Sasa mimi nitajuaje ipi ya makosa? Ya kwanza ama hii ya leo?"

Kwa taarifa alizokuwa nazo, mtu yule alikuwa anafikiri sawasawa. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi zaidi ya yote. Hawakuwa wajinga. Kila mmoja alitumia akili yake vizuri juu ya kitu kibovu nilichompa.

* * *

Mwezi wa sita Rukiah aligonga mlango wangu asubuhi, kabla hajaenda Kalerwe. Hakukaa.

"Yule mama wa nyanya anayekaa pembeni yangu sokoni," akasema. "Jana aliinama kuchukua kikapu."

"Ameanguka?"

"Hapana. Nimesikia ile harufu."

Nilijua ni harufu gani.

"Nimempigia Baba Nabila. Nimemwambia, mimi ya Mastula sitayapitia mara ya pili. Amesema, fanya, lakini usiniambie ni lini."

Sikutoa karatasi yoyote. Miezi miwili ya kadi, namba na maelezo haikuwa imemsogeza hata hatua moja. Harufu ilimsogeza kwa dakika.

Kituo cha afya kinachanja Jumanne. Tulienda wanne: mimi, Rukiah, Nabila na Apondi, ambaye alikuja kuonyesha mkono wake kama itabidi. Nabila alivaa sare ya shule, maana alitaka arudi darasani aonyeshe bandeji. Njia nzima alikuwa anauliza.

"Auntie, sindano ni ndefu kama nini?"

"Kama ukucha wako mdogo."

"Uongo!"

"Mimi sisemi uongo."

Rukiah akanitupia jicho, kisha akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne.

Tulikaa foleni kwa saa mbili. Muuguzi alikuwa yule yule Sista wa shuleni. Alimwona Nabila, akasoma umri wake kwenye kitabu, akapumua.

"Mngekuja wiki mbili zilizopita."

"Kuna nini?" nikauliza.

"Zimechukuliwa. Zote. Zimepelekwa wilaya nyingine ambako wanazitaka." Akafungua friji atuonyeshe. Kulikuwa na chanjo za watoto wachanga, na sehemu moja tupu. "Wamesema huku watu hawakubali. Kuna ripoti. Nusu ya wazazi na zaidi wana hofu ya kizazi. Wakaona zitaharibika bure."

Asilimia hamsini na saba.

"Zitarudi lini?"

"Labda mwezi wa kumi. Mimi nami nangoja kuambiwa."

Rukiah alikuwa bado anaangalia ile sehemu tupu.

"Zimeondolewa?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Zote?"

"Zote."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Ningependelea hasira.

"Unaona, Mama Apondi? Kama ingekuwa nzuri, wangeiondoa?"

Nilimweleza. Pale pale kwenye benchi, kwa mpangilio: ripoti, wilaya, tarehe ya kuharibika, mahitaji ya sehemu nyingine. Kila neno lilikuwa kweli na lingeweza kuthibitishwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akamfunga Nabila kifungo cha juu cha sare, akasimama.

"Kwa hiyo sidungwi?" Nabila akauliza.

"Hudungwi."

Mtoto akaruka juu. Akamshika Apondi mkono, wakatoka mbio getini, anacheka, anaimba kwamba hadungwi, hadungwi. Akina mama kwenye foleni wakacheka naye.

Mmoja wao alikuwa na binti wa rika lile. Alimuuliza Rukiah kwa sauti ya chini kuna nini.

Rukiah akamwambia.

Yule mama akamshika binti yake, wakaondoka nyuma yetu.

* * *

Likizo ya mwezi wa nane, Zubairi alimpeleka Nabila Bombo, mji wenye Wanubi wengi, kwa bibi yake mzaa baba. Anasoma huko sasa.

Mwezi wa kumi chanjo zilirudi. Nilimpigia Rukiah akiwa huko Bombo kumtembelea mtoto. Nikamwambia zipo hata huko, shule za huko zinachanja wiki hiyo.

"Wamekuja jana," akasema.

"Na Nabila?"

"Mama mkwe alimweka nyumbani. Wote huku wamewaweka nyumbani."

"Wamesikia wapi huko?"

"Walikuwa hawajasikia," Rukiah akasema. "Nilipofika ndiyo nikawauliza kama wamesikia."

Mwezi wa kumi na moja bwana Kidega alinipigia. Awamu ya pili ya utafiti imepata ufadhili, sasa ni wilaya sita, na mji wa Bombo umo. Nikamuuliza kuhusu swali la kumi na nne. Akasema haliwezi kuondolewa, majibu lazima yalinganishwe na ya awamu ya kwanza.

Nilikataa kazi. Haikubadilisha kitu. Siku mbili baadaye walimpata mwingine, binti makini, nimeambiwa haruki nyumba hata moja.

Najua kuna watakaoandika kwenye maoni hapa chini kwamba chanjo kweli ina jambo, ndiyo maana nimeacha kazi. Mtakuwa mmesoma kama Rukiah alivyosoma. Narudia: haifungi kizazi. Aliye na binti wa umri huo ampeleke.

Na wewe unayefanya kazi kama yangu, funzo ni hili. Ukimuuliza mtu kama amesikia jambo, umeshamwambia jambo hilo. Akikuuliza kama ni kweli, mjibu pale pale, hata kama sheria inakukataza na fomu haina nafasi ya jibu lako. Kuna dakika moja ambayo ukweli wako una thamani, nayo ni ile anayouliza. Baada ya hapo unaweza kuwa na kadi, mihuri na namba zote duniani.

Nabila ana miaka kumi na mmoja. Chanjo anaweza kupewa mpaka kumi na nne. Kwa hesabu, bado ana miaka mitatu.

Nimeishi kwa hesabu maisha yangu yote. Hii moja siiamini.